Pikipiki Kuukuu na Spana za Chama



Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita lilitolewa wazo kwamba chama kinunue vyombo vichache vya ufundi, viwekwe katika ofisi ya tawi, na wanachama wenye pikipiki wawe wakiviazima. Wazo hilo lilipingwa vikali. Mzee mmoja ambaye namheshimu sana alisimama akasema ya kwamba ada zetu si fedha za michezo. Alisema pikipiki kubwa za zamani ni anasa ya watu waliokosa la kufanya. Mfanya kazi mwenye akili hununua pikipiki ndogo iliyo mpya, na ikimsumbua humpelekea fundi. Watu walimpigia makofi. Saa zilikuwa zimekwisha na mimi sikupata zamu ya kusema, kwa hiyo naomba nafasi katika karatasi yetu hii.

Nieleze kwanza nilivyo, mtu asije akasema nimejificha. Mimi ninayo pikipiki kuukuu ya safari. Ni BMW R 80 RT ya mwaka 1983, na naitengeneza mwenyewe nyuma ya nyumba chini ya mabati. Si kwamba nina mali. Niliipata ikiwa imesimama miaka mingi, kuku wakilala juu ya kiti, na mwenyewe alifurahi kuondolewa takataka. Siandiki ili kuisifu. Naandika kwa sababu mashine hii imenifundisha jambo moja linalomhusu kila mwanachama anayekuja kazini kwa magurudumu mawili, hata kama yake ni ndogo na mpya: mashine haiangalii umri wake, inaangalia kipimo. Na kipimo hakipatikani kwa macho wala kwa nguvu za mkono. Kipimo kinataka chombo.

Wengi wenu mkisikia neno boxer mnafikiri ile pikipiki ya Bajaj inayobeba abiria kila kona ya Kenya. Jina ni moja lakini injini ni mbali kabisa. Boxer ya Bajaj ina silinda moja iliyosimama. Boxer ya Kijerumani ina silinda mbili zilizolala, moja kulia na moja kushoto, zimetokeza nje kama mtu aliyenyosha mikono, na pistoni zake huenda na kurudi pamoja kama ngumi za wapiganaji wawili. BMW ilianza na umbo hilo mwaka 1923 kwa pikipiki iliyoitwa R 32, kazi ya mhandisi Max Friz, na ikaendelea kuunda boxer za kupozwa kwa upepo mpaka mwaka 1996. R 80 RT ilitoka mwaka 1982, ikiundwa katika kiwanda cha Berlin. Ina nguvu za farasi 50, injini ya karibu cc 800, tanki la lita 24, na haina mnyororo. Nguvu huenda gurudumu la nyuma kwa shafti, jambo ambalo sisi watu wa reli hatuhitaji kuelezwa faida yake.

Umbo hilo ndilo lililoniwezesha kuitengeneza nyumbani. Vichwa vya silinda viko nje mahali pa upepo, hakuna tanki la kutoa wala fremu ya kukinga mkono. Ukitaka kupima tapeti unafungua nati tatu tu, kifuniko kinatoka, na vali zote mbili za upande huo ziko mbele ya macho yako. Ukikaa juu ya kopo la rangi lililogeuzwa, kazi iko sawa na kifua.

Lakini wepesi huo ndio mtego. Kwa kuwa ni rahisi kufungua, kila mtu hufungua, na wengi hufunga kwa kukisia. Injini ikiwa baridi kabisa, kwanza nati za kichwa cha silinda zinakazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, mpaka zifike Nm 35. Ndipo unatoa plagi ili injini izunguke kwa wepesi, unazungusha mpaka uone herufi OT katika kidirisha cha flaiwili. Herufi hizo ni Kijerumani, maana yake pistoni imefika mwisho wa juu. Pistoni zote mbili hufika huko pamoja, lakini silinda moja tu ndiyo yenye vali zilizolegea. Hiyo ndiyo ya kupima sasa, na nyingine inangoja mzunguko mmoja zaidi. Vali ya kuingiza hewa inatakiwa nafasi ya milimita 0.10, ya kutoa moshi milimita 0.20. Hizo ni nafasi nyembamba kama karatasi. Hakuna kidole kinachoweza kuzisikia.

Sasa, Nm 35 ni kiasi gani? Mwulize ye yote anayejisifu kuwa mkono wake ni spana. Mtie mbele ya nati nne, umwambie azikaze sawasawa, kisha uzipime. Mimi nimefanya mchezo huo na watu wazima wenye miaka mingi ya ufundi, na nati nne zilitoka nne mbalimbali. Hatuwadharau, mkono wa mtu ukichoka hudanganya, na spana ikiwa ndefu hudanganya zaidi. Mahali petu pa kazi hakuna atakayekubali ufunge boliti ya injini ya treni kwa kukisia halafu uandike jina lako kwenye kadi. Mbona tukifika nyumbani tunaona ni sawa, na hali anayekwenda kupanda ni sisi wenyewe, na nyuma amekaa mke au mtoto?

Kuna habari nyingine ya vali ambayo inatufaa kuijua. Zamani petroli yetu ilitiwa risasi. Risasi hiyo ilikuwa sumu, hasa kwa akili za watoto, lakini kwa injini za zamani ilifanya kazi moja: iliweka utando mwembamba pale vali inapokalia, ikazuia chuma kula chuma. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiondoa, na kufikia Januari 2006 Kenya ilikuwa imeiacha. Lilikuwa jambo jema sana, wala sitaki mtu alie juu yake. Lakini BMW za miaka ya mwanzo ya 1980 zina udhaifu hapo: vali ya moshi huzama katika kiti chake polepole, na kila inapozama nafasi ya tapeti inapungua mpaka vali haifungi tena, kisha inaungua. Injini haipigi kelele kukuonya. Tapeti iliyobana huwa kimya kuliko tapeti nzuri! Mtu asiyepima husema, sikilizeni, injini yangu imetulia.

Dawa yake ni daftari. Mimi naandika kila nilipopima, kilomita ngapi na nafasi ngapi. Kitabu kinasema kazi hiyo ni ya kila kilomita 7,500. Mimi naifanya mapema kidogo kwa ajili ya vumbi letu. Nikiona vali ya moshi imepungua kwa haraka kuliko mara iliyopita, najua kichwa kile kinakwenda kwa mchonga vyuma kutiwa kiti kipya cha chuma kigumu. Hiyo si kazi ya nyuma ya nyumba, na mtu asikudanganye. Kujitengenezea hakuna maana ya kufanya kila kitu. Maana yake ni kujua lipi ni lako na lipi la mwenye mashini ya kuchongea, na kulijua kabla halijakuacha njiani kule Mtito Andei usiku.

Mafuta nayo yana kituko chake. Chujio la mafuta la pikipiki hii limeingia ndani ya injini, na mlangoni pake kuna mpira mweupe wa duara, mdogo, wa bei ndogo. Ukiusahau, au ukikaa bila kubanwa vizuri, mafuta hupita pembeni yakarudi chini badala ya kwenda kwenye beringi za krenki. Injini nzima hufa kwa ajili ya kipande cha mpira ambacho mtoto angechezea. Dawa ni kupima kina cha kile kikombe kwa vernia kila unapobadili chujio, uone mpira utabanwa kiasi gani. Vernia tena! Chombo tena! Mwanachama mmoja mmoja hatanunua vernia kwa ajili ya kazi ya mara mbili kwa mwaka, nami simlaumu.

Wale wanaosema mpelekee fundi, nawajibu hivi. Mafundi wetu wa jua kali ni ndugu zetu, na wengi wana mikono mizuri kuliko yangu. Lakini hata wao hukisia kwa kukosa vyombo, na mashine ngeni haimwambii mtu siri zake. Najua pikipiki ya namna hii iliyopelekwa gereji moja mjini, sitaitaja, kwa kuwa haikuwa ikichaji. Walifungua kifuniko cha mbele bila kung'oa waya wa betri. Nyuma ya kifuniko hicho kuna kibao cha dayodi na waya wenye moto moja kwa moja kutoka kwenye betri. Bati liligusa, cheche zikaruka, kibao kikaungua. Mwenyewe alikwenda na shida ya brashi ya kaboni, akarudi na shida ya brashi na kibao, na hesabu ya kulipa vyote viwili. Kama angekuwa na kipimo cha volti nyumbani angeliona jambo hilo kwa dakika tano. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, betri inatakiwa kuonyesha karibu volti 14. Ikibaki 12, kuna neno. Unang'oa waya wa betri kwanza, ndipo unafungua, unatazama brashi, unapima rota. Ni kazi ya jioni moja.

Kabureta sitazisema sana, maana mahali hapa pikipiki hizi ni rahisi kuliko hata zile ndogo. Kibakuli cha chini kimeshikwa na waya mmoja wa springi. Unausukuma kwa kidole, kinatoka, unamwaga maji na uchafu kando ya barabara, unarudisha, unakwenda. Kila kabureta ina kiwambo cha mpira ambacho kikipasuka tundu dogo upande huo unakosa nguvu. Ukishuku, kishike juani uangalie. Kulinganisha kabureta mbili wengine hununua vipimo vya gharama. Mimi nimefunga mpira mwembamba unaoona ndani juu ya ubao, nikautia mafuta kidogo, ncha moja kulia na nyingine kushoto. Upande unaovuta zaidi hupandisha mafuta. Ukiviona viko sawa, basi. Na mjue kwamba mashine iliyowekwa sawa Mombasa kwenye usawa wa bahari, ikifika Nairobi zaidi ya mita 1,600 juu hula petroli nyingi kidogo kuliko hewa inayoipata. Ndugu zetu waliopandisha treni mpaka Timboroa wanajua hewa nyepesi ni kitu gani.

Nakuja sasa kwenye jambo ambalo vijana hunikasirikia. Mtu akipata pikipiki ya zamani, hamu yake ya kwanza ni kuiongeza. Anataka ekzosi ya kelele. Anataka taa sita mbele. Wengine siku hizi huikata mkia, wakang'oa kiti cha abiria na masanduku, wakaondoa ile ngao kubwa ya upepo, pikipiki ya safari ikawa kama panzi aliyenyonyolewa. Halafu wanasema wameifanya mpya. Mimi nasema wameifanya maskini. RT iliundwa ili mtu aketi saa sita akiwa na mzigo, mvua ikimpiga upande wa pili wa ngao. Kama hutaki kazi hiyo, mwachie anayeitaka.

Sikatai kuongeza. Nimeongeza vitu katika yangu, lakini kuna utaratibu. Kwanza ni kinachokusimamisha, pili ni kinachokuonyesha, na nguvu ni mwisho kabisa, kama zitakuja.

Mipira ya breki ya mbele iliyotoka kiwandani mwaka 1983 ilikuwa ya kawaida, na mpira huzeeka hata ukilala ghalani. Ukibana breki, mpira unafura kwanza ndipo diski inashikwa. Nilitia ya kusukwa kwa waya wa chuma. Ni mabadiliko ambayo mtu hayaoni kwa macho, hakuna msichana atakayeyasifu, na ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote niliyoyafanya. Pamoja nayo ni mafuta ya breki yenyewe. Mafuta haya hunywa maji kutoka hewani, hata kifuniko kikiwa kimefungwa. DOT 4 iliyo mpya haichemki mpaka ipite joto la digrii 230. Ikisha kunywa maji yake, yaweza kuchemka kwenye digrii 155. Teremkeni basi kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu, na mzigo, nyuma ya lori, mkono ukiwa juu ya breki njia nzima. Yakichemka yanakuwa povu, na povu halisukumi pedi. Unavuta mkono unafika mpaka kwenye usukani na pikipiki inaendelea kana kwamba haikusikia. Hilo si jambo la BMW peke yake. Kila pikipiki ndogo yenye breki ya diski ina mafuta hayo hayo. Ni wangapi kati yetu wameyabadili tangu siku ya kununua?

Matairi vile vile. Upande wa tairi mtaona herufi DOT na mwishoni tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi lililokaa dukani miaka kumi linang'aa na meno yake yote yako, lakini mpira umekauka, na kwenye lami yenye mvua linateleza kama sabuni. Wauzaji wengine hawapendi kuona mteja akiinama kusoma. Inameni.

Kisha taa. Jenereta ya R 80 hutoa wati 280 tu injini ikizunguka kwa kasi, na katika foleni ya Barabara ya Mombasa haifiki hata nusu. Taa ya zamani peke yake hula wati 55. Nilitia taa ya LED inayokula kidogo na kumulika zaidi, na regyuleta ya elektroniki badala ya ile ya zamani, na nikabadili vile vipande vya mpira vilivyoshika kibao cha dayodi, maana hukatika na kupoteza njia ya umeme. Nikatia chuma. Sasa betri inaamka asubuhi. Lakini ndugu yangu ukinunua LED tafuta inayokata mwanga wake sawasawa, usimpofushe dereva anayekuja. Yeye ndiye mwenye tani thelathini.

Springi za mbele na shokabsoba za nyuma zilikuwa za nne na tano katika utaratibu wangu. Silinda kubwa zaidi, ambazo watu hunishauri kila siku, sijazitia wala sitazitia. Farasi 50 zinanitosha mpaka Malaba.

Shafti isiyo na mnyororo nayo isiwalaze watu usingizi. Pale injini inapokutana na gia kuna meno ya shafti yanayoteleza ndani ya klachi, na grisi yake hukauka. Gia zikianza kuwa ngumu, watu hulaumu mafuta ya gia, wakabadili mara tatu, na kumbe meno yanalia kwa ukame. Kila baada ya kilomita elfu thelathini hivi sanduku la gia linasukumwa nyuma, meno yanasafishwa na kupakwa grisi inayoshika. Kwa mtu mmoja ni siku nzima na mgongo unauma. Kwa watu wawili wenye vyombo ni asubuhi moja.

Na hapo ndipo narudi kwenye wazo letu. Kuna jambo ambalo halikutajwa mkutanoni kwa sababu kila mtu aliogopa kulitaja. Vyombo ninavyovisema tunavishika kila siku. Spana za mkazo, bapa za kupimia, vernia, vyote viko kazini, ndani ya kabati za mwajiri. Mfanya kazi ambaye tapeti zake zinalia, na kesho anatakiwa zamu ya alfajiri wakati ambapo matatu hazijaanza, anaona spana ile saa kumi na moja jioni na anajua atairudisha kesho saa moja. Anaitia chini ya koti. Langoni askari anamwambia avue koti. Kuanzia hapo haitwi tena mwenye pikipiki mbovu, anaitwa mwizi. Chama kinaitwa kumtetea, na kila mwenye kuzijua kesi hizi anajua jinsi zinavyokuwa ngumu, kwa sababu spana ilionekana, na kusema "nilikuwa nitairudisha" si hoja mbele ya meza ile. Kibarua kinakwenda, nyumba ya kazi inakwenda, watoto wanarudi kwa babu yao. Hesabuni saa za makatibu wetu katika kesi moja tu ya namna hiyo, nauli na barua, muone kama hazitoshi kununua spana ya mkazo iliyo nzuri.

Kwa hiyo yule mzee alipouliza kama chama ni cha michezo, jibu langu ni kwamba chama ni cha kulinda kazi na maisha ya mwanachama, na vyote viwili vimo katika kisanduku hicho. Wala si cha wenye BMW, ambao katika tawi letu ni mimi peke yangu. Vali za pikipiki ya cc 150 zina nafasi yake. Nati zake zina mkazo wake. Betri yake ina volti zake na tairi lake lina tarehe yake. Mwenye pikipiki mpya anakihitaji kisanduku kuliko mimi, kwa sababu yeye bado anaamini upya utamtunza.

Wengine watasema vyombo vitapotea. Huenda. Mwenzangu wa idara ya mabehewa alisema vitapotea katika wiki ya kwanza. Nami nasema tufanye kama tunavyofanya kazini: daftari moja, kila chombo na namba yake iliyopigwa kwenye chuma, mtu anatia sahihi akichukua na mwingine anatia sahihi kikirudi. Kisikae na mtu zaidi ya siku mbili. Aliyekipoteza anakilipa katika mishahara miwili au mitatu, na mpaka alipe haazimi kingine. Ufunguo uwe kwa mjumbe wa karakana, si kwa katibu, maana katibu husafiri. Spana ya mkazo ilegezwe mpaka mwanzo wa kipimo kabla ya kurudishwa, ikilala imekazwa springi yake huchoka na kuanza kusema uongo, nasi tutakuwa tumenunua mdanganyifu.

Tuanze na vitu vitano tu. Spana ya mkazo, bapa za kupimia nafasi, vernia, kipimo cha volti, na kipimo cha upepo wa matairi. Havijazi hata nusu ya sanduku la askari. Neno hili litarudi katika mkutano wa tawi ujao, na naomba wenye pikipiki wahudhurie, maana safari iliyopita wengi wao walikuwa nje wakizipiga teke ziwake.

Kabla ya mkutano huo, Jumapili mbili zijazo baada ya ibada, nitakuwa nafungua tapeti nyuma ya nyumba yangu katika landhies. Mwenye kutaka kuona aje, na mwenye pikipiki yake aje nayo, ila aifikishe mapema na kuiacha ipoe. Injini ya moto sipimi.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Reli, Nairobi